Tunamshukuru Daktari kwa Lipi?

Sherehe ya kumuaga daktari anayestaafu katika hospitali ya umma nchini Tanzania ina mwenendo wake unaojulikana. Wasifu husomwa, kuanzia shule ya msingi hadi cheo cha mwisho. Wauguzi huingia ukumbini wakicheza na zawadi: mabati, mifuko ya saruji, jokofu, kitenge cha mama. Mganga mfawidhi hukabidhi cheti, mgeni rasmi husema kwamba mzee wetu ameokoa maisha ya maelfu, kisha kiongozi wa dini hufunga kwa sala akimshukuru Mungu, mponyaji wa pekee. Watu huitikia amina, wakaenda kula. Ni wachache wanaotambua kwamba kauli mbili zilizotoka kwenye kipaza sauti kimoja zimegongana. Kama mponyaji ni Mungu peke yake, huyu mzee anapongezwa kwa lipi? Na kama ni yeye aliyewaponya hao maelfu, si alikuwa akipokea mshahara kila mwisho wa mwezi? Anayelipwa kwa kazi yake anadai nini tena? Maswali haya hayaulizwi ili kuwaharibia watu karamu. Yanastahili kuulizwa kwa sababu namna tunavyoyajibu ndiyo inayoamua kama mstaafu tunampa hisani au tunamlipa deni, na kama ni deni, linalipwa kwa nini.

Dini zetu zililiona tatizo hili mapema. Yoshua bin Sira, mwalimu wa Yerusalemu aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 2 kabla ya Kristo, alitenga sehemu kubwa ya sura ya 38 ya kitabu chake kwa ajili ya tabibu. Kitabu hicho kimo katika Biblia ya Wakatoliki na hakimo katika ile ya Waprotestanti wengi, na pengine ndiyo sababu hatukisikii mara nyingi kwenye hafla hizi. Anaagiza tabibu apewe heshima yake kwa kuwa Bwana ndiye aliyemuumba, na papo hapo anasisitiza kwamba uponyaji wenyewe hutoka kwa Aliye Juu. Mgonjwa asali kwanza, kisha ampishe tabibu, kwa maana anamhitaji. Yapo pia maandiko ya upande wa pili. Mfalme Asa, katika kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, analaumiwa kwa sababu alipougua miguu aliwakimbilia waganga bila kumtafuta Bwana, na akafa. Katika Qur'ani, Nabii Ibrahimu anamtaja Mola wake kuwa ndiye anayemponya akiugua, wala hamtaji tabibu yeyote. Hata hivyo Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwaamuru watu wajitibu, akafundisha pia kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Ukiyasoma yote haya kwa pamoja unaona msimamo mmoja: tabibu anastahili heshima, na uponyaji si wake. Wanazuoni walio wengi huishia hapo na kusema kwamba daktari ni sababu tu, au chombo tu. Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi, maana mkasi nao ni chombo na hakuna anayeuandalia sherehe.

Tiba yenyewe, bila kuingiza dini, inakubaliana na maandiko kuliko inavyodhaniwa. Daktari mkongwe anajua kwamba maradhi mengi hupona yenyewe, kwamba mengine huponywa na dawa ambayo yeye hakuigundua, na kwamba mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji salama asubuhi anaweza kufa usiku kama muuguzi wa zamu hakupima shinikizo la damu. Anajua pia kwamba kwa miongo mingi sehemu kubwa ya upasuaji wa kujifungua katika wilaya zetu haikufanywa na madaktari wenye shahada. Ilifanywa na madaktari wasaidizi, kada ambayo Tanzania ilianza kuifundisha katika miaka ya 1960 kwa kuwapandisha matabibu wenye uzoefu. Watafiti waliochunguza mikoa ya Mwanza na Kigoma walikuta kwamba wasaidizi hao ndio waliokuwa wakishika kisu mara nyingi zaidi, na hali ya akina mama waliowahudumia haikuwa mbaya kuliko ya wale waliohudumiwa na madaktari kamili. Kwa hiyo kama sifa ya siku ya kuagwa ni ya kuokoa maisha, imeandikiwa mtu mmoja wakati inawahusu wengi: muuguzi, mtaalamu wa maabara, mhudumu aliyesukuma kitanda, ndugu aliyeuza mbuzi ili inunuliwe damu. Hoja ya usawa na hoja ya imani zinakutana hapa, na zote mbili zinamvua daktari lile joho tulilomvika.

Nadhani avuliwe tu, kwa sababu joho hilo halikuwa lake. Tukiliondoa, kinachobaki ndicho chake hasa: alibaki. Uponyaji una wenyewe wengi, na wa kwanza wao hayuko kwenye orodha ya malipo ya wizara. Lakini uamuzi wa kurudi wodini kesho, mwaka kesho na miaka 30 mfululizo, haukuwa wa dawa wala wa bahati. Ulikuwa wa mtu yule. Wala maandiko hayampokonyi sifa hiyo, kwa maana Mungu anayeponya ni yuleyule aliyemwachia mwanadamu hiari ya kukaa au kuondoka.

Tazama kizazi kinachostaafu sasa. Kwa kawaida mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na sheria iliporekebishwa mwaka 2018 madaktari bingwa, pamoja na maprofesa na wahadhiri waandamizi, waliongezewa hadi 65. Wanaoondoka leo walizaliwa katika miaka iliyozunguka Uhuru, katika nchi ambayo Mwalimu Nyerere alizoea kusema ilianza na madaktari 12 tu. Walihitimu Muhimbili mwishoni mwa miaka ya 1980 au mwanzoni mwa 1990, wakakabidhiwa wodi wakati mbaya kuliko wakati wowote. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wametambuliwa Kagera mwaka 1983, na kule watu waliupa ugonjwa huo jina la Juliana, la nguo za magendo zilizokuwa zikitoka Uganda. Mpango wa taifa wa dawa za kufubaza virusi ulianza mwaka 2004. Kati ya tarehe hizo mbili kuna zaidi ya miaka 20, na daktari aliyeajiriwa mwaka 1990 aliishi 14 kati ya hiyo akiwa hana cha kumpa mgonjwa kinachogusa chanzo cha ugonjwa wake. Alitibu magonjwa nyemelezi. Alitibu kifua kikuu kikarudi, homa ya uti wa mgongo ikarudi, mkanda wa jeshi, kuhara kusikokoma, utando mweupe kinywani. Aliwaruhusu watu kwenda nyumbani akijua wanakwenda kufanya nini. Aliwazika wauguzi wake mwenyewe, na kila alipojichoma sindano kwa bahati mbaya alingoja wiki kadhaa kujua kama naye yumo.

Ni katika miaka hiyohiyo milango ya kuondokea ilifunguka. Hospitali binafsi za biashara, zilizopigwa marufuku mwaka 1977, ziliruhusiwa tena mwaka 1991, na daktari mwenye jina zuri angeweza kuhamia upande wa pili wa barabara akapata mara kadhaa ya alichokuwa akipata. Botswana na Afrika Kusini zilikuwa zikiajiri. Serikali, kwa masharti ya marekebisho ya uchumi, ilipunguza watumishi na kusimamisha ajira mpya, na mwaka 1993 ikaanzisha utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama katika hospitali kubwa. Aliyebaki wodini alibaki na kazi za wale walioondoka, akitibu watu waliokuwa sasa wakiulizwa pesa mlangoni. Wapo wengi waliopona mikononi mwake katika miaka hiyo, na wapo wengi zaidi ambao hawakupona. Mizani ya maisha yaliyookolewa haiwezi kumpa haki. Katika wodi ya UKIMWI ya mwaka 1996 daktari bora na daktari mzembe walikuwa na idadi ya vifo inayokaribiana. Kilichowatofautisha ni kwamba mmoja alipita kila asubuhi, akavuta kiti, akakaa karibu na mtu ambaye hata ndugu zake walikuwa wakimwekea sahani peke yake.

Sasa nirudi kwenye mshahara, pingamizi lililo la haki kabisa. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi wa karne ya 1, alilijadili katika kitabu chake kuhusu fadhila, na jibu lake halijapitwa. Tunamlipa tabibu, anasema, na bado tunabaki na deni, kwa sababu tunachonunua hakina bei: fedha tunayotoa ni ya kumtoa kwenye shughuli zake na kumfidia taabu, wala si thamani ya uhai. Nami naongeza kwamba Seneca mwenyewe aliweka sharti. Tabibu anayemgusa mgonjwa mshipa wa mkono, akaandika dawa na kupita kama anayehesabu mifugo, hana anachomdai mgonjwa zaidi ya ada. Anayedai ni yule aliyehangaika kuliko alivyolazimika. Hivyo ndivyo ilivyo kwa utumishi wa muda mrefu. Mshahara hulipa zamu ya leo, na kila zamu ikilipwa hesabu imefungwa. Lakini hakuna mstari katika hati ya mshahara unaosema huyu amelipwa kwa kuwa aliamua kutoondoka, na mwajiri hakuwahi kukinunua kitu hicho. Alikipata bure. Kitu kilichopatikana bure kutoka kwa mtu aliyekuwa na haki ya kukinyima, jina lake ni fadhila, na fadhila inadai shukrani hata pale ambapo mkataba hauidai.

Msomaji makini atasema kubaki nako si fadhila kila mara. Ni kweli. Wapo waliobaki kwa sababu hakuna aliyewataka kwingine. Wapo waliobaki na kuigeuza wodi ya umma kuwa mlango wa kuwapeleka wagonjwa kwenye kliniki zao binafsi, na wapo ambao kwa miaka 30 hakuna aliyepata kitanda kwao bila kutoa kitu kidogo. Hao nao husomewa wasifu, hukatiwa keki, na huambiwa wameokoa maelfu. Hapa ndipo naona kasoro kubwa zaidi ya hafla zetu, kubwa kuliko uchache wa zawadi: hotuba ni ileile kwa kila mtu. Sifa inayotolewa kwa wote sawasawa humdhulumu aliyeistahili, maana inamwambia kwamba hakuna aliyekuwa akimtazama. Ninachokiita kubaki ni kubaki upande wa mgonjwa, na huko kunahitaji mashahidi. Hotuba ya kumuaga daktari ingepaswa kuwa ushahidi: wodi ipi, miaka ipi, nini kilikuwapo alipofika na nini kipo anapoondoka, nani alifundishwa naye na sasa anafanya kazi wapi, na palipokuwa na kosa, alilikiri au alilificha. Ushahidi wa namna hiyo ungewafanya baadhi ya wastaafu wakae kwa wasiwasi kwenye viti vyao vya mbele. Sioni ubaya.

Wala hoja hii haiwafanyi waliohama kuwa wasaliti. Kubaki kunapata thamani yake kutokana na uhuru wa kuondoka. Daktari aliyefungwa kwa mnyororo hana cha kusifiwa. Dakta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, kaskazini mwa Uganda, alikuwa Kampala akisomea afya ya jamii Makerere mwaka 2000 alipoitwa kwa sababu wauguzi walikuwa wakifa kwa ugonjwa usiojulikana. Alikuwa na kila sababu ya kutuma ushauri kwa simu. Alirudi, akautambua ugonjwa kuwa ni Ebola, akaongoza wodi ya kuwatenga wagonjwa, akafa tarehe 5 Desemba mwaka huohuo. Katika hospitali ileile Dakta Lucille Teasdale, mpasuaji kutoka Kanada aliyefika mwaka 1961, aliambukizwa UKIMWI akiwa kazini, akaendelea na kazi kwa miaka mingine, akafariki mwaka 1996. Nawataja kwa sababu wanatukumbusha jambo ambalo sherehe za kustaafu hulisahau: anayefika kwenye sherehe hiyo ni aliyesalimika. Tanzania nayo ina mfano wa namna nyingine, Dakta Leader Stirling, Mwingereza aliyekuja kama mmisionari mwaka 1935, akafanya upasuaji katika hospitali za vijijini za kusini, akachukua uraia, akawa Waziri wa Afya katika miaka ya 1970, na akafia hapahapa mwaka 2003. Hakuna aliyemlazimisha hata mmoja wao.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa madaktari wenyewe. Kusifu kubaki, watasema, ni fimbo ya mwajiri. Madaktari wa Kenya walipogoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai utekelezaji wa makubaliano ya pamoja yaliyosainiwa mwaka 2013, neno walilorushiwa mara kwa mara lilikuwa wito. Mjadala uleule ulisikika Tanzania kwenye mgomo wa 2012. Ukimwambia mtu kazi yake ni wito unaweza kumcheleweshea posho bila aibu, na siku anaondoka ukamfidia kwa makofi. Nalikubali pingamizi hili karibu lote. Sikubali tu hitimisho lake, kwamba basi sifa ziachwe. Mtu akitumia ukweli kama hila, kosa ni la hila. Na dini zilezile zinazotajwa kwenye hafla hizo hazijawahi kuiruhusu heshima ya mdomo isimame badala ya haki. Katika Injili ya Marko, Yesu anawakemea waliowanyima wazazi wao matunzo kwa kisingizio kwamba mali wameiweka wakfu kwa Mungu. Kwake, amri ya kumheshimu baba na mama inaanzia kwenye chakula. Kadhi Abu Yusuf, aliyefariki mwaka 798, anasimulia katika Kitab al-Kharaj jinsi Khalifa Umar alivyomkuta mzee kipofu wa Kiyahudi akiomba mlangoni, akaagiza atunzwe na hazina ya umma, akisema kwamba hatukumtendea haki kama tulikula ujana wake kisha tukamtupa uzeeni. Kiapo cha Hippocrates nacho, kabla hakijasema lolote kuhusu mgonjwa, kinamwapisha mwanafunzi kumhesabu mwalimu wake sawa na mzazi na kugawana naye riziki akiwa na shida. Toleo la kisasa, Azimio la Geneva la mwaka 1948, lilibakisha shukrani kwa walimu na kuacha riziki. Labda waandishi wake waliamini kwamba pensheni ingeshughulikia sehemu hiyo.

Na pensheni yetu imeshughulikiaje? Kikokotoo kilichotangazwa mwaka 2018 baada ya kuunganishwa kwa mifuko kilileta malalamiko makubwa kiasi kwamba kilisimamishwa Desemba mwaka huohuo. Kilichokuja Julai 2022 kiliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40 kwa watumishi ambao awali walitarajia 50. Zipo sababu za kihesabu, maana mfuko ukifilisika hakuna atakayepata chochote, na pensheni ya kila mwezi ina faida zake kwa mzee mwenye ndugu wengi wanaojua amelipwa lini. Sitaki kuzidharau sababu hizo. Lakini aliyebaki mwaka 1993 alibaki akiwa na ahadi fulani kichwani, na ahadi ikibadilishwa akiwa amebakiza miaka 2, anayeumia si yeye peke yake. Daktari tarajali aliye pembeni yake anatazama na kujifunza kwamba kubaki kuna gharama zisizotajwa.

Kuna watakaosema kwamba mwungwana hangoji shukrani, kwani wahenga walishasema tenda wema uende zako. Methali hiyo aliambiwa mtenda wema. Haikuwahi kuwa ruhusa kwa aliyetendewa. Katika Injili ya Luka wakoma 10 waliponywa na mmoja akarudi; Yesu hakuwa na haja ya shukrani zao, na bado aliuliza wale 9 wako wapi.

Basi nini kifanyike? Mengi hayahitaji fedha. Mstaafu bingwa aombwe, kabla hajaondoka, mihadhara michache mbele ya madaktari vijana kuhusu makosa aliyoyaona na aliyoyafanya, irekodiwe na kuhifadhiwa hospitalini, kwa sababu uzoefu wa miaka ya kabla ya 2004 hauko kwenye vitabu vya mwongozo. Hotuba iandikwe na watu waliofanya naye kazi usiku, wakiwemo wauguzi, na nafasi ya kusema apewe walau mgonjwa mmoja, au mfiwa. Muuguzi na daktari msaidizi waliobaki miaka ileile waagwe siku hiyohiyo, kwenye meza hiyohiyo. Kisha lipo la fedha, ambalo halikwepeki. Tarehe ya kuzaliwa ya mtumishi imo kwenye faili lake tangu alipojaza fomu za ajira, kwa hiyo siku yake ya kustaafu inajulikana kwa mwajiri miaka 30 kabla. Hakuna dharura hapo. Bodi za hospitali na waajiri wahakikishe hesabu ya mafao ya daktari imekamilika, na fedha ya kusafirisha mizigo yake imelipwa, kabla kadi za mwaliko wa sherehe hazijapelekwa kuchapwa.